Mche Alioupitisha Dada

Pale mpakani dada yangu wanamwita Mama Choma, na wanaomwita hivyo hawamsifu. Miaka kumi na tisa amekaa nyuma ya meza ya bati, karatasi nyeupe mbele yake, lenzi shingoni kwa kamba ya kiatu. Msafiri akifika na mbegu au ua kwenye kopo, dada haulizi habari za safari. "Kibali kiko wapi? Cheti cha afya ya mmea?" Hakuna? Tanuri liko nyuma ya ofisi. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima, na tai yake, akilia kwa ajili ya gunia la viazi. Dada alimpa kitambaa ajifute, viazi akavichoma.

Nyumbani tulimcheka. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama, na dada akija Jumapili nilikuwa namwambia, "Ingia taratibu, nimeficha kitunguu." Alikuwa anacheka, lakini macho yake yanakwenda kwenye kabati.

Sasa nisikilizeni, maana watu wa mtaani wanalisimulia jambo hili kombokombo, na shimo nililichimba mimi.

Mama alikwenda ng'ambo ya mpaka kumzika mdogo wake. Alirudi na mche wa mchungwa kwenye kopo, ulioungwa tawi kwa shina na marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Na zamu ilikuwa ya nani? Ya dada.

"Mama, huu hauna karatasi."

"Una mkono wa mdogo wangu. Karatasi gani tena?"

Dada anasema kama mama angegomba, yeye angeuchoma. Mama hakugomba. Alikaa kwenye benchi ya wasafiri, macho yamevimba, kopo magotini. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema anayechelea mama kulia anapatwa na nini. Dada akauchukua mche, akautikisa mara tatu juu ya karatasi nyeupe, akapitisha lenzi jani kwa jani, juu na chini, nusu saa nzima, foleni inanung'unika. Hakuna mdudu, hakuna yai. Akamwaga udongo wote, akaosha mizizi, akaifunga na plastiki. "Pita, mama," akasema.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la mkaguzi peke yake. Mimi ningeupitisha kwa ujinga. Yeye aliupitisha kwa sababu aliuangalia vizuri mno. Alijua fika kwamba kuna magonjwa yanayojificha ndani ya utomvu miaka na miaka, hakuna lenzi inayoyaona, na ndiyo maana sheria haisemi angalia, inasema choma. Wakaguzi wapya aliwafundisha hilo hilo yeye mwenyewe. Mganga hajigangi.

Mama ana, alikuwa na, michungwa sitini na nne. Aliipanda baba alipofariki, ikatusomesha. Mche wa marehemu nikaupanda katikati.

Mwaka wa tatu, Jumapili moja, dada alisimama kwenye ule mche, ambao sasa ulikuwa umempita urefu. Akachuma jani. Upande mmoja wa mshipa lina mabaka ya manjano, upande wa pili kijani, hazilingani kabisa. Akavuta tawi changa: vijidudu vidogo vimejipanga, vichwa chini, makalio juu. Akapasua chungwa, limepinda kwa ndani. Nikamwona anakaa chini kwenye udongo na sketi yake safi.

"Nini?"

"Nyamaza kidogo."

"Dada, nini?"

"Nimemuua mama," akasema, "na mwenyewe hajui."

Akanieleza. Dawa hakuna. Akitoa taarifa, watakuja na misumeno, waikate michungwa yote ya mama na ya majirani wanaotuzunguka. Akinyamaza, vile vijidudu vinaruka, na bonde lote linaishi kwa machungwa. Huku moto, huku maji, na katikati dada yangu na lenzi yake.

Siku tisa alikwenda kazini akachoma mimea ya watu. Siku ya tano alikuja kibandani kwangu, akasimama kati ya magauni yaliyoning'inia. "Leo nimemchomea bibi mmoja mche wa mlimau. Akaniambia, Mungu anakuona. Nikamwambia, najua, bibi."

"Basi sema!" Nilimpigia kelele, siwafichi. "Au nyamaza moja kwa moja! Usinifungie na mimi humo ndani!" Maana nilikuwa nakula sahani moja na mama na siwezi kumtazama usoni. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, mara mbili.

Siku ya kumi alimwambia mama, mimi nikiwepo. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Uliukagua?"

"Niliukagua, mama."

"Ukaona nini?"

"Sikuona kitu."

"Na ulijua kuna vitu huwezi kuviona?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini uliniambia nipite?"

Kesho yake dada alikaa upande wa wasafiri kwenye meza yake mwenyewe, jani ndani ya mfuko uliofungwa, akajaza fomu. Aliandika, "Aliyeingiza: mama yangu mzazi. Aliyepitisha: mimi." Maabara ikathibitisha. Misumeno ililia siku mbili, na jirani wa chini, aliyekuwa akimwita dada mwanangu, akatema mate alipompita.

Hawakumfukuza. Afadhali wangemfukuza! Walimpa barua ya onyo na kazi moja ya nyongeza, kwa kuwa dalili anazijua: kila mwezi, miaka mitatu, apite kwenye visiki vyote atazame kama vimechipua. Kwa hiyo kila mwezi anafika getini kwetu na fomu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkaguzi." Mama anafungua geti, anarudi ndani.

Juzi mama akaniambia nimsindikize kwa dada. Tangu misumeno hakuwahi kukanyaga kwake. Jamani, nilifurahi! Dada alipofungua mlango aliwahi kuvuta kiti, akakifuta na upindo wa nguo yake.

Mama hakukaa. Alimimina kikapu chake chote mezani: nyanya, vitunguu, fungu la mchicha.

"Kagua kwanza."

"Mama, tafadhali. Hapa ni nyumbani."

"Kagua."

Dada alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Lenzi ilikuwa shingoni mwake hata siku ile ya mapumziko. Akaishika, akachukua nyanya ya kwanza, akaigeuza, machozi yanadondoka juu ya kioo. Alizipitia zote, kisha vitunguu, kisha mchicha jani kwa jani, na mama akabaki amesimama mpaka jani la mwisho, ndipo akakaa.