Nilimsifu Kerubo Bila Kumsikiliza

Mimi ndiye niliyemwangusha Kerubo. Si shetani, si bahati mbaya. Ni mimi na hii simu yangu.

Nafundisha Kiingereza huku Sironga, na pembeni nina grupu ya WhatsApp ya watu wazima wanaojifunza. Wananitumia sauti inbox wakiongea, nawarekebisha. Kerubo, si jina lake, anakamua ng'ombe wa watu Nyansiongo. Alikuwa ameitwa mahojiano ya kazi ya kutunza wazee ng'ambo, na yote ni Kiingereza.

Mwanzoni nilisikiliza. Halafu sauti zikazidi, ndefu, ng'ombe wanalia nyuma. Aki nilichoka! Nikawa naandika tu "Excellent!" na kidole gumba. Sikufungua hata moja.

Yeye anajibu, "Mbuya mono, Mwalimu." Asante sana, yaani! Asante ya nini?

Siku ya mahojiano akanipigia. Hakulia.

"Wameniuliza nikipata mzee ameanguka bafuni nitafanya nini. Nikajibu vile nilikuwa nakuambia. Wakasema hawanielewi, wakakata simu."

Nilimwambia pole. Halafu nikakaa nikafungua sauti zake zote. Jibu la mzee wa bafuni alilirudia mara nyingi, na kweli halieleweki. Ningelinyoosha kwa dakika chache tu! Mwisho wa moja amesema, "Mwalimu, kama ni mbaya niambie tu, sitakasirika."

Kumbe yuko kwa simu. Mnajua ukisikiliza sauti, ile alama ya maikrofoni inageuka buluu kwa aliyetuma. Zake zilikuwa zinageuka moja baada ya nyingine, akiangalia.

Akaandika, "Kumbe ndio unasikiliza leo." Akatoka kwa grupu. Nimepiga, hashiki.

Sijalia. Nafundisha, nakula, nalala. Watu wa grupu bado wananisifu na sihisi kitu, kama mguu uliokufa ganzi. Naandika hapa labda nitahisi.

Mwalimu mwenzangu, kama umechoka sema umechoka. Mtu atatafuta kwingine. Usimpe sifa ndio akuache upumzike, tafadhali! Juzi sokoni nimekutana na dada yake, naye ni mwalimu. Hakunitukana. Alisema tu kwamba alitaka kukaa na Kerubo wafanye mazoezi kabla ya mahojiano, Kerubo akakataa.

"Yaya, hapana," alimwambia, "usijisumbue. Mwalimu amesema niko sawa."