Nane Aliyekwenda Hombolo

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwenzenu nimelelewa na namba moja: 12345679. Itazame vizuri, nane hayumo. Pale nyumbani mtaa wa Kikuyu, Dodoma, kabla mama hajapakua ugali, baba alikuwa anaanza: zidisha kwa tisa. Zinatoka moja tupu, tisa kwa mstari. Zidisha kwa kumi na nane, zinatoka mbili tupu. Ukimuuliza nane yuko wapi, anakujibu bila kucheka, "Kaenda Hombolo kula zabibu."

Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Dodoma yaliyozoea rafu tupu yakafurika vitu. Rafiki yake baba, muuza duka wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, akaleta kalkuleta. Ndogo, ya kutumia mwanga wa jua. Niliitaka mno. Nilikuwa kidato cha pili, nimechoka kuzidisha kwa penseli, na baba aliiita mashine ya wavivu.

Jumamosi moja nikamkokota hadi dukani. Sijamaliza hata kuamkia, wazee wakaanza utani wao.

"Mwalimu, hiki kidude kinakushinda," muuza duka akasema.

"Kizidishe namba yangu kwa tisa," baba akajibu. "Kikiweza, namnunulia huyu binti. Kikishindwa, chai juu yako."

Muuza duka akabonyeza. Masikini, kioo kilikuwa na nafasi ya tarakimu nane, na jibu lina tisa. Ikatokea herufi E, kikagoma.

"Kimeshiba," baba akasema, akaagiza chai na chapati mbili.

Nikaona kalkuleta yangu inarudishwa kabatini. Sikukubali. Nilijua namba ile mara themanini na moja inatoa tisa tupu, pungufu ya moja tu kufika bilioni. Basi nikaidaka mashine nikaenda kinyumenyume: moja, gawanya kwa themanini na moja. Ikaandika 0.0123456, nafasi zikaisha.

Baba akaweka kikombe chini. "Inayofuata ni ngapi?"

Akaomba karatasi ya kufungia sukari, akagawa kwa mkono: saba, tisa, sifuri, halafu moja, mbili, tatu upya, bila mwisho, na nane anarukwa kila mara. Miaka yote ile hakujua kwamba namba yake imejificha humo. Alisahau chai, alinisahau na mimi. Nilimpenda sana saa ile.

Akainunua. Nilifurahi njia nzima, kumbe nafurahia cha mwenzangu. Jioni ile alitaka kugawa moja kwa tisini na tisa, kesho yake kwa kitu kingine, na kalkuleta ikahamia mfuko wa shati lake. Mimi na penseli yangu tukaendelea. Siku uvumilivu uliponiishia nikamwendea.

"Baba, kalkuleta yangu iko wapi?"

Akaupapasa mfuko wake, uso mkavu kabisa.

"Imekwenda Hombolo," akasema. "Kumfuata nane."