Kigae Alichokiona Mama Peke Yake

Mama yangu aliona kigae ambacho hakikuwapo.

Sisemi kwa mafumbo. Ilikuwa sebule ya watu, sakafu ya vigae vyeupe vyenye ua la buluu, na karibu na mlango palikuwa na pengo la kigae kimoja, simenti tupu. Mimi nililiona. Mwenye nyumba aliliona. Mama, aliyeipanga sakafu ile kwa mikono yake, alisimama na mwiko mkononi akiapa kwamba kazi imekwisha.

"Dada fundi," mwenye nyumba akasema, "unanifanya mimi mtoto?"

Mama hakukasirika. Alinigeukia huku akitabasamu.

"Profesa, hebu mwambie mwenzangu huyu. Hapo kuna pengo?"

Aliniita Profesa tangu nilipopata nafasi chuo kikuu. Nilikuwa likizo, nimemsindikiza kumbebea ndoo na pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa wa sakafu. Nikamjibu, kwa sauti ya chini, kwamba lipo.

Akasogea hatua moja, akainamisha kichwa upande kama kuku anayemchungulia mwewe.

Uso ukambadilika. Ndipo alipoliona.

"Ah," akasema. "Kumbe kimeng'oka."

Hakuna aliyembishia. Alikipachika kigae, akafuta simenti iliyovuja, tukaondoka. Njiani alinieleza kwa kirefu kwamba yule mwenye nyumba ana visa, na kwamba watu wengine hung'oa vitu vyao wenyewe ili wapate la kusema.

Mtaani kwetu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefanya kazi ya vigae. Mafundi wanaume walimtania mpaka wakachoka. Kisha wakaja kuweka pima maji zao juu ya sakafu yake, na utani ukaisha wenyewe. Mtu wa namna hiyo hasahau kigae mlangoni. Ndiyo maana nilimganda kama kupe mpaka akakubali twende kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye kuongea taratibu. Alisema ni presha ya macho. Imekula mishipa ya fahamu nyuma ya jicho, la kulia zaidi ya la kushoto, na kilicholiwa hakirudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji. Kilichobaki kingeweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila jioni, maisha yote.

Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema mama hataona giza mahali palipokufa. Ubongo huchukua kilicho pembeni ya pengo na kupafunika. Mbele ya sakafu yenye maua, ubongo wenyewe utapanga vigae vinavyokosekana.

Mama alimsikiliza kwa adabu zote. Tulipofika nje akafungua mdomo.

"Kijana wa watu anasema sioni. Halafu anasema nisichokiona siwezi kujua kwamba sikioni. Profesa, hata tapeli hupanga maneno yake vizuri kuliko hapo."

Nilicheka. Nilicheka kweli, maana neno lake lilichekesha.

Chupa ya matone akaiweka juu ya kabati, haikufunguliwa. Alisema dawa inawasha na kutia ukungu, na yeye kesho ana sakafu ya watu inamngoja. Mtu anayeona kila kitu ajitie moto machoni kwa kosa gani?

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule niliona ni la busara.

Chuoni nasoma biolojia, na mradi wangu ni kuchora sehemu za mwili kwa kuiandikia kompyuta maagizo badala ya kutumia mkono. Unachora umbo moja tu, mara moja: duara dogo lenye mkia, tuseme, nayo ni chembe moja ya mshipa wa fahamu. Unachora mstari uliopinda. Kisha unaiagiza kompyuta ilirudie umbo lile kandokando ya mstari mpaka mwisho. Magamba ya samaki, pingili za uti wa mgongo, utando wa chembe, vyote hutoka hivyo.

Nikasema nitalichora jicho la mama, na pengo lake. Niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba mtu akioneshwa ukweli kwa mchoro ulio wazi, ataupokea.

Lakini pengo lilikataa kuchoreka.

Kila nilipopunguza chembe, zilizobaki zilisogea, zikagawana nafasi sawasawa, na mstari ukaonekana mzima. Nilipunguza tena. Zikasogea tena. Jicho lililopoteza nusu ya chembe zake lilikuwa bado linapendeza kabisa. Kompyuta ilifanya nilichoiagiza: ijaze mstari mpaka mwisho. Haikuwa na habari kwamba kuna kitu kimekufa.

Mama alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, ananichungulia mezani.

"Bado inakugomea?"

"Inajijazia, mama. Nikifuta, inajijazia."

"Basi angalau ni mchapakazi," akasema, akaenda zake.

Wiki nzima nililalamika hivyo, kila alipopita, bila kujua ninajichimbia shimo.

Mwishoni nikagundua dawa ya mchoro ule, nayo ilikuwa rahisi hadi ya kutia aibu. Niliukata mstari vipande viwili. Kompyuta ikajaza cha kwanza, ikaishia. Ikajaza cha pili, ikaishia. Katikati pakabaki wazi, mahali palepale daktari alipopaonesha kwenye picha ya jicho la mama.

Nikamwita. Nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja changu kama daktari alivyofanya, nikamwambia atazame alama nyekundu niliyoiweka.

"Unaona nini?"

"Vidude vyako vyenye mikia."

"Vimepangika vipi?"

"Vizuri sana, mwanangu. Mstari mmoja mpaka mwisho. Hongera."

Nikamwambia sasa asogeze jicho, atazame pembeni kidogo.

Akasogeza.

"Hee. Pametokea pengo."

"Rudisha jicho kwenye alama."

Akarudisha. Akasogeza tena, akarudisha tena. Nilingoja neno lake huku nikijiambia kwamba jioni hii hii chupa ile inashuka kabatini.

Mama akaondoa kiganja changu usoni pake, taratibu, kama mtu anayemsitiri mwenzake asiumbuke.

"Mwanangu, usihuzunike. Bado inajijazia. Si umekuwa ukisema hivyo wiki nzima?"

Nilieleza. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, kwamba mchoro haujabadilika, kwamba mimi nauona vilevile. Alinipapasa bega akasema nipumzike, macho yangu yamechoka kwa kukodolea kioo.

Siku iliyofuata nilikwenda kuuchapisha kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haijijazii. Nilirudi nikamkuta ameshatoka kazini amechoka, magoti yamejaa vumbi la simenti. Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Likizo ikaisha.

Kwa simu, kila nilipomuuliza, alijibu kwamba anaona kila kitu. Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Aliponyimwa sakafu moja, kisha nyingine, alisema watu wamekuwa na visa siku hizi.

Nilirudi muhula ulipoisha. Ilikuwa asubuhi, jua limejaa sebuleni. Mama alikuwa amekaa kitini, ameelekeza uso dirishani.

"Profesa, karibu. Hebu fungua mapazia, mbona mmeyafunga asubuhi yote hii?"

Mapazia yalikuwa wazi.

Jioni ile niliishusha chupa kabatini, ingali mpya. Safari hii aliinamisha kichwa nyuma bila ubishi, matone yakaingia. Daktari alisema dawa ile hulinda kilichobaki. Sijamuuliza kimebaki nini.

Mchoro wangu ulisifiwa sana. Umebandikwa kwenye korido ya idara, na wanafunzi hupita chini yake wakienda kula. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mstari umekatwa vipande viwili.

Ndugu msomaji, najua unaisoma hadithi hii vizuri, neno kwa neno, na huoni tatizo lolote. Mama naye hakuona. Nenda kapimwe presha ya macho. Na mtu anayekupenda akikuambia kuna pengo mahali unapoona pamejaa, usimbishie kwa macho. Inama, upapase kwa mkono.