Safu ya Kijiji

Volkano ilipolipuka juu ya Goma, watu walikimbia kila upande: wengine Sake, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi. Ardhi ilipoacha kutetemeka, watoto wengi hawakujua wazazi wao wako wapi. Shirika dogo lenye biro, yaani ofisi, mtaa wa Murara likaniajiri nitengeneze programu ya kuwaandikisha na kuwatafutia ndugu zao.

Umeme wa Goma hauaminiki, na waasi walikuwa wamerudi vilimani, kwa hiyo sikuweka taarifa zote mahali pamoja. Nilizigawa kwenye kompyuta tatu: moja kwetu, moja Bukavu, moja Butembo. Kila jina liliandikwa kwenye mbili kati ya hizo, ili kompyuta moja ikipotea, mtu asipotee nayo. Lakini hifadhidata ya namna hiyo inakulazimisha kuamua mapema: utagawa kwa kufuata nini? Nilichagua kijiji cha asili, safu moja ya jedwali. Watu wa kijiji kimoja walikaa fungu moja, na mzazi akitaja kwao, jibu lilikuja papo hapo. Nilijivunia kazi ile.

Vita viliposogea, nilikwenda kambi ya Kanyaruchinya kuandikisha waliokimbia. Mbele yangu aliketi mama mzee kutoka wilaya ya Rutshuru. Mjukuu wake wa kike, aliyelelewa na shangazi mjini, alipotea siku ya volkano. Alijibu kila swali mpaka nilipofika kwenye kijiji.

"Hii mashini yako inatupanga namna gani?" akauliza.

"Kufuata kijiji, mama."

Kisha akasema polepole, "Kule kwetu pia watu wa bunduki walikuja na liste ya majina ya namna hiyo. Kijiji kwa kijiji. Hawakuuliza mutu njia."

Hakutaja kijiji chake. Alisema Rutshuru tu, nami nikaandika hivyo.

Niliporudi biro nilifungua fungu moja bila kuchagua. Baba, mama, watoto, mpaka namba ya hema lao. Nikajiona nimewakusanya mimi mwenyewe, tayari kwa wenye bunduki.

Nikamwambia mkuu wetu, mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, kwamba nataka kuifuta safu ya kijiji na kugawa upya kwa namba zisizo na maana yoyote.

"Kutafuta kutakawia," alisema. "Na majina yanafanana. Wengine hatutawapata."

"Na hii liste ikishikwa na mutu mubaya?"

Mabomu yalikuwa yakisikika upande wa Sake. Alisikiliza mawili, matatu.

"Futa," akasema.

Siku ya nne baada ya waasi kuuteka mji, wanaume watatu wenye bunduki waliingia biro. Mmoja alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulionitia baridi.

"Tupe watu wa Rutshuru, kijiji kwa kijiji. Tunataka kuwasaidia warudi kwao."

Nilifungua kompyuta. Majina yalitokea yamechanganyika, kila moja na namba yake.

"Vijiji viko wapi?"

"Hatuandiki vijiji, muzee."

Alisoma kwa muda mrefu, kidole kikishuka kwenye skrini. Mwishowe waling'oa nyaya wakaibeba kompyuta. Mimi waliniacha nimesimama palepale.

Hakuna jina lililopotea. Yote yalikuwa bado Bukavu na Butembo. Lakini kambi ya Kanyaruchinya ilivunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Majuma machache baadaye mwenzetu wa Butembo akanipigia simu: mtoto amepatikana Gisenyi, kwa familia iliyomwokota. Jina la shangazi yake lililingana na lile alilotupatia yule mama mzee.

"Yule mama anatoka kijiji gani?" akauliza.

Nilijua Rutshuru tu, na Rutshuru ni kubwa; hata angetaja kijiji, ningekuwa nimekifuta. Nimetuma habari kwa makanisa na kwa wanawake wanaopeleka maharagwe huko. Hakuna aliyejibu. Mtoto yuko Gisenyi bado, na mapigano yanaendelea barabara nzima ya Rutshuru. Watu huniuliza kama ningeirudisha safu ile. Nasema hapana, kisha nakaa siku nzima sina amani.