Kiti cha Kwanza Ukumbini

Kituo cha teksi cha pale langoni mwa hospitali kilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mteja akija, anayezungumza naye ni dereva wa mbele. Wengine kumi na mmoja mnafunga midomo. Hata mteja akikuuliza wewe wa nyuma saa ngapi sasa, unamnyooshea kidole wa mbele. Kwa sheria hiyo walikaa miaka kumi na tisa bila mtu kumtoa mwenzake jino, na Baba Pacha, mmoja wa waanzilishi, aliiheshimu kuliko afya yake.

Basi halmashauri ikaleta barua. Wadau wa teksi walialikwa kutoa maoni kuhusu mpango mpya wa maegesho. Baba Pacha aliisoma mara tatu, akampa mkewe.

"Wanataka kuwahamisha," mkewe alisema.

"Wamesema wapi hivyo?"

"Hawajasema. Ndiyo maana barua ni ndefu."

Wateja wao walikuwa watu wa magongo na bandeji, watu waliotoka kusafishwa damu miguu ikiwatetemeka. Alikuwapo bibi mmoja mshonaji waliyempeleka nyumbani kwa zamu kila Jumanne na Ijumaa. Kutoka langoni hadi mlango wa gari zilikuwa hatua tisa, na ya tisa ilimkuta bibi anahema. Kituo kikiondoka pale, huyo atafikaje kwenye gari? Baba Pacha aliapa kwamba hilo atalisema ukumbini, liwalo na liwe.

Siku ya kikao alifika kabla ya wote, akakaa kiti cha kwanza kabisa, macho mbele. Wa pili alipoingia, akakaa nyuma yake. Wa tatu akakaa nyuma ya huyo. Ukumbi ulikuwa na viti vya watu mia, lakini madereva kumi na wawili walijipanga mstari mmoja mrefu kuelekea nyuma, kama walivyozoea. Ofisa wa mipango wa halmashauri aliutazama mstari ule, akataka kuuliza, akaghairi. Baba Pacha hakugeuka hata mara moja, kwa hiyo hakuona chochote.

Mchoro ukamulikwa ukutani. Kulikuwa na mishale, rangi nne na visanduku vyenye herufi. Barabara zilikuwa namba. Baba Pacha aliitafuta hospitali, jengo la ghorofa sita analoliona kila siku ya Mungu, asilione. Kulikuwa na kitu kinaitwa "Taasisi", na kingine kinaitwa "Taasisi ya Pili". Akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. Kichwa kikawa kizito.

"Eneo C linahamia nyuma ya soko," ofisa alisema. "Kuna maoni?"

Baba Pacha akainua mkono.

"Samahani, dada. Kwani sisi tuko wapi hapo?"

"Hilo ni swali, baba. Maswali yalikuwa kipindi cha kwanza. Sasa hivi ni maoni."

"Maoni ninayo. Ila sijui ni ya eneo lipi."

"Basi tuyasubiri yakae sawa," ofisa alisema kwa upole, na upole huo ukazidi kumchanganya. "Wengine?"

Hakuna aliyekohoa. Wakahamia Eneo D.

Nje, Kijiko, dereva mwembamba mwenye mdomo usiojua kupumzika, alimkabili. "Baba Pacha, Eneo C ndiyo sisi! Ulikuwa unasubiri nini mle ndani?"

"Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme."

"Tuseme vipi na wewe uko mbele?"

Baba Pacha alirudi mbio ukumbini; ofisa alikuwa anakunja nyaya, akamwambia aandike barua. Akaandika, mkewe akamsahihishia. Baada ya wiki tatu akajibiwa kwa nakala ya muhtasari wa kikao: wadau walioshiriki, kumi na wawili, swali, moja, pingamizi, hakuna. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye mahudhurio. Alitafuta uongo ndani ya karatasi ile, mstari kwa mstari, asiupate, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumanne ya kwanza nyuma ya soko, foleni ilimweka Baba Pacha mbele. Aliketi akitazama kona, akiona aibu kabla hata ya kumwona mtu. Bibi mshonaji alitokea hapo akiwa na gongo lake, huku mbeba mizigo mmoja amemshika kiwiko. Alisimama mara nne kabla ya kulifikia gari.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "hivi hawa watu hawakuwauliza kwanza?"

"Walituuliza, mama."

"Mkasemaje?"

Baba Pacha akageuka. Safari hii aliona: magari kumi na moja, vioo vimeshushwa, wenzake wote wanasikia na hakuna anayefungua mdomo. Mteja alikuwa anazungumza na wa mbele.

"Mimi ndiye niliyekuwa mbele, mama," alisema, akamfungulia mlango.

Bibi alimtazama bila kuelewa, naye akampokea gongo.