Siku Niliyomtuma Mshenga kwa Mke Wangu Mwenyewe

Jamani, mie aibu sina tena. Ile yote niliyozaliwa nayo iliisha Jumamosi moja asubuhi, sebuleni kwangu mwenyewe, Mbagala, mbele ya baba mkwe, shangazi mtu, shemeji ustadhi na jirani aliyekuja na mkeka akidhani kuna msiba. Kwa hiyo chekeni tu, wala msijibane mbavu, wenzenu wameshacheka mtaa mzima na mie bado nakula na kulala vizuri.

Tuanze na mie ni nani, maana wengine mnaniona tu na spana mkononi. Mie fundi friji. Kwetu Tukuyu, nimezaliwa Mlutheri, nikabatizwa Elia, na kwaya nimeimba sana tu, sauti ya nne, ile ya kutetemesha madirisha. Nikaja mjini, nikampenda Zainabu, binti wa watu wa Kilwa waliohamia Mbagala zamani, nikasilimu kwa ridhaa yangu, nikaitwa Suleiman, tukaoana, sasa miaka miwili. Sasa mtu aliyesilimu juzi ana ugonjwa wake mmoja (na mie ulinishika vibaya), anataka ndani ya wiki moja ajue vitu ambavyo wenzake wamevisomea tangu wanavaa bukta, na akishajua kimoja, basi Mungu awasaidie majirani.

Na jambo la kwanza kabisa nililojifunza kwa wakwe zangu ni kwamba Pwani mtu hajisemei. Posa, mshenga. Mahari, mshenga. Siku ya kupanga tarehe ya harusi nikajitia ujuaji, nikamwambia baba mkwe mwenyewe kwa mdomo wangu, "Mzee, mie naona iwe baada ya mfungo," mzee wa watu wala hakunitazama, akamgeukia mshenga wangu, Mzee Shomari, akamwuliza kwa upole, "Kijana anasemaje?" Na mie nimekaa palepale, magoti yetu karibu yagusane! Mzee Shomari akarudia maneno yangu vilevile, neno kwa neno, baba mkwe akaitikia kwa kichwa, "Ahaa, sasa nimesikia." Kuanzia siku ile nikajua kwamba kwenye ukoo ule mdomo wangu una kazi moja tu, kula pilau.

Haya. Sasa kuna ishu ya ndani, na nyie ni watu wazima, tuongee kiutu uzima. Zainabu alikuwa amenigeuzia mgongo wiki ya tatu. Kosa langu lilikuwa nini? Mie wakati ule niliona sina kosa, mume mwema kabisa, nilikuwaga narudi kazini, nakula, naangalia mpira mpaka filimbi ya mwisho, nazima taa, namgusa bega. Basi. Hotuba yangu yote ilikuwa hiyo, kidole kimoja begani. Ndipo akaniambia, "Suleiman, mie si swichi ya ukutani," akajifunika shuka gubigubi, na tangu hapo akawa anaongea na mie kama karani wa dirishani, chai ipo, maji yapo, umeme umeisha. Kisha Alhamisi nikamkuta anakunja nguo kwenye begi, nikamwuliza kulikoni, akasema Jumapili anakwenda kwao kupumzika kidogo. Sikilizeni, ndugu zangu, mwanamke wa watu akisema anakwenda kwao kupumzika kidogo, hiyo "kidogo" hajui mtu ina urefu gani. Nikaogopa, mie nampenda yule mwanamke. Mkiniita mjinga sawa, lakini na hilo mliseme.

Kumwomba msamaha? Thubutu! Fundi mzima niombe msamaha kwa kosa nisilolijua? Mie nikaenda kutafuta maelekezo. Ijumaa baada ya swala nikanunua pale nje kijitabu kimoja chembamba cha adabu za ndoa, na Jumamosi asubuhi, Zainabu yuko uani anafua, mie nimejikunja kwenye kochi nakisoma kama nasoma waya za friji jipya. Nikafika mahali panasema, kwa maana yake, kwamba mume asimrukie mkewe kama mnyama, bali baina yao atangulie mjumbe. Ukurasa ukaishia hapo, na mie na akili zangu tukaishia hapohapo (fundi gani anasoma maelekezo mpaka mwisho?).

Nikaruka kwenye kochi. Kumbe! Kumbe kosa langu ndilo hilo! Posa ina mshenga, mahari ina mshenga, tarehe ina mshenga, halafu jambo zito kama hili, mie miaka miwili namvamia mtoto wa watu bila utaratibu! Ndiyo maana amekasirika, amelelewa kwa heshima yule. Nikachukua simu, nikampigia Mzee Shomari.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, mzee. Nina ujumbe wake, naomba uufikishe."

"Wa nani?"

"Wa Zainabu."

"Kwani Zainabu yuko wapi?"

"Yuko uani, anafua."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko sebuleni."

Nikasikia kete za bao zinawekwa chini. "Suleiman, umeandika talaka?"

"Astaghfirullah, mzee! Hapana! Nataka tu... ile haki ya unyumba. Kwa utaratibu wa dini. Lazima atangulie mjumbe."

Mzee Shomari akakohoa kikohozi kirefu cha kiungwana. "Nimekuelewa, mwanangu," akasema, akakata simu. Na mie, mpumbavu wa daraja la kwanza, nikaingia kuoga, nikajipaka na mafuta mazuri.

Sasa kosa langu la pili hili hapa, na hili anaweza kulifanya mtu wa kuja tu. Mie nilidhani mshenga atakuja na kumwita Zainabu pembeni amnong'oneze mawili matatu. Wapi! Mshenga haongei na binti. Mshenga anaongea na wazee wa binti, ndiyo kazi yake, na Mzee Shomari ni mtu wa utaratibu kuliko utaratibu wenyewe. Kavaa kanzu, kavaa koti, kachukua bakora, moja kwa moja mpaka Rangi Tatu kwa baba mkwe, na akafikisha shauri kama lilivyomfikia, kwamba mume wa binti yenu analalamika, ananyimwa haki yake.

Saa nne na nusu mlango ukabishwa hodi. Nafungua hivi, naona kanzu tatu zimepangana. Baba mkwe, Mzee Athumani. Shemeji Hamisi, kaka yake Zainabu, ustadhi wa madrasa. Mzee Shomari mwenyewe na bakora. Na nyuma yao Shangazi Mwajuma, dada yake baba mkwe, amejitanda khanga, uso umekunjamana, na huyu ndiye aliyekuwa somo wa Zainabu, aliyemfunda unyago na ndoa, kwa hiyo akisikia mume analalamika anaona anashtakiwa yeye. Nikasema shikamoo nne za mfululizo, wakaitikia kwa sauti ya chini kama watu waliokuja kuangalia mgonjwa.

Na la kuvunda halina ubani. Mama Neema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kaona kanzu na bakora na shangazi aliyejitanda, kaongeza mbili na mbili akapata kumi na moja, akaja mbio na mkeka kwapani na machozi tayari. "Jamani, nani katutoka?" Akaambiwa hakuna aliyekufa. Akasema Bwana asifiwe, akatandika mkeka wake, akakaa! (Mtu akishatandika mkeka unamwondoaje?)

Zainabu akaingia kutoka uani, povu mpaka kwenye viwiko. Akawatazama wazee, akanitazama mie nilivyong'aa mafuta. "Kuna nini?" Akafuta mikono, akaenda kuchemsha chai, maana hata dunia ikiisha Zainabu atawapa wageni chai kwanza.

Baba mkwe akafungua kikao kwa Fatiha. Halafu akampa nafasi Mzee Shomari, naye akasimama, akaegemea bakora yake, akamwaga Kiswahili cha watu. Kwamba wao walikuja kwa ukoo huu wakaomba bustani, wakapewa, na wanashukuru. Kwamba kijana wao ni mkulima mwema, ana jembe lake. Lakini kijana anasema siku nyingi sasa akifika langoni anakuta komeo.

"Komeo!" Shangazi Mwajuma alikurupuka kikombe kikamwagika. "Mie nimefunda wari mtaa huu mpaka wameanza kuniletea mabinti zao, hajarudishwa hata mmoja kama sufuria lililotoboka! Leo mie naambiwa komeo?"

"Haki ya Mungu," akasema Mama Neema kutoka mkekani, ambaye hakuulizwa.

Zainabu yuko mlangoni na birika la pili. Alikuwa ananitazama tu, na mie nilivyo na akili nyepesi nikajua anashangaa jinsi mumewe alivyoishika dini, nikamkonyeza. Nilimkonyeza, jamani, Mungu anaona.

Baba mkwe akanigeukia, na mara hii akasema na mie moja kwa moja. "Mwanangu Suleiman. Mambo ya chumbani hayatoki chumbani. Nani amekufundisha kuyaleta barazani?"

Swali nililokuwa nalisubiri! Nikanyanyuka kwa madaha, nikachukua kijitabu changu, nikakohoa, nikasoma kwa ile sauti yangu ya nne, herufi kwa herufi, mpaka pale kwenye mjumbe. Nikafunga kitabu. Nikasema, "Ndiyo maana mie nikamtanguliza mjumbe." Nikakaa.

Friji likasikika linavyounguruma. Ustadhi Hamisi alikuwa ameinamisha kichwa. "Shemeji," akasema taratibu, "fungua tena. Geuza ukurasa."

"Pameishia hapo, shemeji."

"Hapajaishia. Geuza."

Nikageuza. Na kwa kuwa sauti ilishatoka, nikasoma kwa nguvu ileile, kwamba watu wakauliza huyo mjumbe ni nini, wakajibiwa kuwa ni busu na... Hapo sauti ya nne ikapanda mpaka ikawa ya kwanza, ile ya akina mama. "...na maneno mazuri," nikamalizia, na sidhani kama kuna aliyenisikia zaidi ya mbu.

Wa kwanza kupata fahamu alikuwa Mzee Shomari. Akaitazama kanzu yake, akaitazama bakora yake, akamwuliza ustadhi kwa masikitiko, "Kwa hiyo, mwanangu, busu lenyewe ndiyo mimi?"

We! Shangazi Mwajuma alianguka begani kwa Mama Neema, akapiga kigelegele kilichoita na wale majirani ambao hawakuwa na habari. Baba mkwe alivuta kofia mpaka machoni, anajifanya anaomba dua, lakini mabega yalikuwa yanacheza. Ustadhi Hamisi, masikini, alijaribu kuokoa heshima ya elimu, akaeleza kwamba hiyo ni lugha ya staha, dini inayasema mambo ya faragha kwa kufunika, na kwamba hata hiyo hadithi yenyewe wanazuoni wanasema sanadi yake, ule mnyororo wa wasimulizi, ni dhaifu ila maana yake nzuri. Alifika kwenye sanadi, akashindwa, akatoka nje kucheka huko.

Aliyekuwa hacheki ni Zainabu. Aliweka birika chini, akasema, "Baba, naomba niseme."

"Wiki tatu namsubiri huyu mtu aniambie neno moja. Sijataka makubwa. Pole. Umeshindaje. Kichwa kimepoa? Neno lolote, niseme na mie ni mtu humu ndani. Leo kumbe amekaa, amefikiri, maneno ameyapata." Akanionyeshea kidole. "Akampelekea Mzee Shomari."

Jamani, kicheko chote kile hakikuniuma. Hiyo iliniuma. Nilitazama sakafu, nikatamani ardhi ipasuke na bahati mbaya nyumba za Mbagala zina sakafu imara kuliko mnavyodhani.

Baba mkwe akanyanyuka, akatikisa kanzu. "Haya," akasema, "wajumbe tunaondoka. Mwenye ujumbe abaki." Akatoka, wenzake wakamfuata, Mzee Shomari hata kuaga hakuniaga, na Shangazi akamvuta Mama Neema pamoja na mkeka wake.

Tukabaki wawili. Chai inapoa, mie kijasho kinanitiririka juu ya mafuta mazuri. Nikatafuta maneno, vile vitu vya bustani na lango alivyovisema mzee, hakuna hata kimoja kilichokuja. Kilichokuja ni hiki: "Pole kwa kufua."

Zainabu alinitazama muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaegemeza shavu mkononi.

"Ahsante," akasema. "Endelea."

Nikaendelea, kwa kigugumizi, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, na Jumapili begi likafunguliwa, nguo zikarudi kabatini. Mzee Shomari nilimpelekea kanzu mpya kumwomba radhi, akaipokea, akasema isiwe ya kazi ileile. Na mie nimeapa mbele yenu, nikiwa na neno na mke wangu nalipeleka mwenyewe kwa miguu yangu. Kutoka kochini mpaka uani ni hatua kumi na moja. Nimezipima, na miaka miwili yote zilikuwa zinanishinda.