Ngazi Nne na Mgongo Wangu

Jumanne, kwenye ofisi moja jirani na Rusizi II, mpaka wa Rwanda na Kongo, mama mmoja mfanyabiashara alisimamisha baiskeli yake ya magurudumu matatu mbele ya ngazi nne. Miguu yake haitembei. Baiskeli huiendesha kwa mikono. Nyuma alikuwa na ndoo mbili za sambaza, samaki wadogo wabichi, na bila muhuri uliokuwa juu ya ngazi zile hawangevuka kwenda Bukavu kabla jua halijawaharibu.

Mimi, mwenye shahada na mgongo mbovu, nilitoka kwenye foleni, nikavua koti.

"Maman, nitakubeba."

Akanitazama kuanzia viatu hadi mvi. "Na wewe Papa, nani atakubeba?"

Foleni ikacheka.

"Nina uzoefu," nikasema. "Nilimbeba mke wangu miaka miwili, mpaka alipofariki."

"Pole, Papa. Na yeye alikuwaka anapenda kubebwa?"

Akapiga kengele ya baiskeli mara tatu, akaita: "Muntu wa muhuri! Shuka kidogo, samaki inaoza!" Karani akashuka, akachuchumaa, akagonga muhuri karatasi ya mama ikiwa juu ya goti lake mwenyewe. Haikufika dakika moja.

Nikavaa koti langu. Nyumbani kwetu kuna ngazi tatu. Kila nilipombeba pale, mke wangu alifumba macho, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba ni mapenzi. Fundi wa saruji anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Sikuwahi kumwita atujengee mteremko wa kiti cha magurudumu.